Sikwensa inawaka, moduli hazitii: kumtafuta mchawi kabla ya kushika bisibisi

Sikwensa, kifaa kinachoiambia sinthesaiza ilie noti gani hatua kwa hatua, ikiwa inakimbiza taa zake kutoka hatua ya kwanza hadi ya nane, haijafa. Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu, sinthesaiza ya moduli (ya vipande tofauti unavyounganisha kwa kebo) ikigoma kutoa tulichotegemea, mkono wa kwanza unakwenda kwenye bisibisi. Mara nyingi mashine zote mbili ni nzima. Kinachokosekana ni makubaliano ya volti kati yao, na hayo huyaoni hata ukilifungua boksi lote na kulimwaga mezani.

Sikwensa ndogo hutuma vitu vitatu, kila kimoja kwa kebo yake. Kuna volti ya noti, ambayo tundu lake huandikwa CV au PITCH. Hiyo inaiambia osileta, moduli inayozalisha sauti, ilie juu kiasi gani. Kuna geti, inayoiambia envelopu, moduli inayoipa noti umbo la kupanda na kufifia, noti ianze lini na iachiwe lini. Halafu kuna mapigo, CLOCK au SYNC, yanayosema hatua inayofuata ije lini. Ukishajua ni kipi kati ya hivyo kimegoma, kazi iliyobaki ni ndogo.

Cha kukujulisha ni mita. Ile ndogo ya njano, ya bei ya chini, inayopatikana kwa wauza vifaa vya umeme pale Mwanjelwa hapa Mbeya, inatosha. Chukua kebo moja ya 3.5 mm uliyo tayari kuipoteza, ikate, menya nyaya: ule wa ncha ya pini funga kwenye waya mwekundu wa mita, ule wa nje funga kwenye mweusi. Weka mita kwenye DC 20. Simamisha sikwensa kwenye hatua moja, zungusha voliumu (kitasa) ya hatua hiyo, angalia namba. Ikipanda taratibu kutoka 0 hadi 5, volti ya noti ipo. Kwa geti, punguza kasi mpaka mwisho. Namba iruke kutoka 0 hadi 5 au zaidi, kisha irudi. Triga, yaani geti fupi ya milisekunde chache, mita haiwahi kuiona. Kwa hiyo tumia LED na rezista ya 1k: ikimeta, triga ipo.

Angalizo kuhusu mita hizi: kwenye DC 20 inasoma kwa hatua za milivolti 10. Kwa mfumo wa volti 1 kwa oktava, nusu toni moja ni milivolti 83.3, kwa hiyo milivolti 10 ni senti 12 za muziki (senti 100 ni nusu toni moja), na sikio la mwanakwaya linaisikia hiyo tofauti bila shida. Ukitaka kupima noti zilizo chini ya volti 2, shusha mita hadi 2000m.

Kimya kabisa

Anzia mwisho, rudi nyuma. Chomoa sikwensa, peleka osileta moja kwa moja kwenye mixer. Inalia? Irudishe kupitia VCA, moduli inayofungua na kufunga sauti, na uifungue kwa mkono. Inalia bado? Basi sauti ipo, kinachokosekana ni geti. Waliozoea kinanda hukwama hapa: moduli hazina sauti mpaka kitu fulani kifungue mlango, na kufika kwa volti ya noti peke yake hakufungui chochote.

Geti ikiwa haifiki, mchawi wa kwanza ni kebo. Kebo za AUX za maduka ya simu zina pini zenye plastiki nene, na plastiki hiyo hugonga nati ya tundu kabla pini haijaingia mpaka mwisho. Ichonge kwa wembe au tafuta kebo nyingine. Zile za pete tatu, za hedifoni zenye maiki, usihangaike nazo. Kebo iliyokatika ndani utaijua kwa kuweka mita kwenye mlio na kuikunja karibu na pini zote mbili. Mlio ukikatika-katika, itupe.

Kebo ikiwa nzima, pima kimo cha geti. Bodi ndogo za kujitengenezea zinazotumia volti 3.3 huwa zinaponea chupuchupu: moduli moja inaitika, jirani yake haisikii. Ukikutana na hali hiyo usiilaumu moduli. Ipandishe geti kwa transista au kwa op-amp.

Halafu kuna geti iliyogeuzwa, ambayo ni rahisi kuitambua ukishaisikia: sauti inalia wakati sikwensa imesimama, na inanyamaza hatua inapopita. Sinthesaiza za Korg MS-20 na Minimoog za zamani hazisubiri volti ipande. Zinasubiri waya uguswe na ethi. Huo mtindo unaitwa S-trig. Sikwensa ndogo ya Korg SQ-1 ina mpangilio wa kugeuza geti yake ielewane nazo. Kama sikwensa yako haina, transista moja ya BC547 na rezista mbili zinamaliza kazi.

Noti hazitengani

Sauti ni mstari mmoja unaopanda na kushuka, bila pigo. Urefu wa geti umefika asilimia 100, yaani geti ya hatua ya pili inaanza kabla ya ile ya kwanza kushuka, na envelopu haijui kuwa kuna noti mpya. Punguza hadi nusu. Kama sikwensa haina sehemu ya kurekebisha, ianzishe envelopu kwa mapigo ya CLOCK badala ya geti.

Kuna shida nyingine inayofanana na hiyo: noti inatengana vizuri lakini mkia wake unaruka kwenda noti nyingine. Hiyo hutokea kwenye hatua ulizozima geti. Geti imezimwa, volti ya noti bado inabadilika, na kama RELEASE, muda wa sauti kufifia, ni ndefu utasikia mkia ukihama. Fupisha RELEASE, au weka sample and hold (moduli inayokamata volti na kuishikilia) inayofunguliwa na geti ileile.

Noti zimepotoka

Hapa ndipo watu wanapoteza usiku.

Kwanza, angalia kama mashine zinahesabu kwa mfumo mmoja. Eurorack, mtindo wa moduli unaotumika sana, karibu yote ni volti 1 kwa oktava: kila ukiongeza volti 1, noti inapanda oktava moja. Baadhi ya Korg na Yamaha za zamani zinatumia Hz kwa volti, ambako oktava moja juu ni volti maradufu: 1, 2, 4, 8. Ni sawa na kununua viazi Uyole kwa lumbesa halafu ukaviuza mjini kwa kilo ukidhani namba ni ileile. Dalili yake ni kwamba noti za chini zinakaribiana na ukweli, na kila unavyopanda mambo yanaharibika zaidi. SQ-1 ina chaguo la mfumo huo, pamoja na masafa ya volti 1, 2 na 5.

Masafa hayo nayo yana kisa chake. Voliumu ya kawaida inazunguka nyuzi kama 300. Ukiiweka sikwensa kwenye volti 5, oktava tano, yaani nusu toni 60, zinabanana humo. Kila nusu toni inapata nyuzi 5, ambazo kidole kikitetemeka tu umepita. Weka volti 1: nusu toni 12, nyuzi 25 kila moja. Ghafla sikwensa "mbovu" inashikika. Mimi sikwensa isiyo na skeli ndani yake siiweki zaidi ya volti 2 kwa muziki wa melodi. Volti 5 naachia filta na makelele.

Kama masafa yako sawa na bado oktava hazifiki, tazama ni moduli ngapi zinakunywa kwenye tundu moja. Chukua sikwensa yenye rezista ya 1k kwenye mdomo wake, na osileta yenye tundu la 100k, ambazo ni thamani za kawaida kabisa. Osileta moja inapunguza volti kwa asilimia 1 hivi. Ukigawa kwa kigawio kisicho na umeme kwenda osileta tatu, upungufu unakaribia asilimia 3. Kwenye volti 3 hiyo ni milivolti 87: nusu toni nzima imepotea, na zote tatu zimeshuka pamoja, kwa hiyo zenyewe kwa zenyewe zinapatana lakini hazipatani na kinanda cha kwaya kilicho pembeni. Dawa ni kigawio chenye bafa, saketi inayozuia volti isivutwe chini. Kipimo ni rahisi: mita ikiwa kwenye noti, chomoa kebo mojamoja, angalia namba ikipanda.

Jana usiku ilikuwa sawa, asubuhi imelewa

Hili ni letu sisi wa nyanda za juu. Wenzetu wa Dar hawalijui sana, maana kule joto halibadiliki hivyo. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mwezi wa sita na wa saba chumba kilichokuwa na nyuzi 22 jioni kinaweza kuamka na 10 au 12. Makambako na Njombe wala tusiongee.

Osileta ya analojia inageuza volti kuwa noti kwa transista, na transista inabadilika kwa takriban asilimia 0.33 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Osileta nzuri zina rezista maalumu ya kufidia hilo, au aisii (IC) iliyojengewa fidia ndani. Za bei rahisi na za kujitengenezea mara nyingi hazina. Piga hesabu: joto likishuka nyuzi 10, nafasi kati ya noti inatanuka kwa asilimia 3.3. Kwenye mruko wa oktava tatu umekosea zaidi kidogo ya nusu toni. Ukiona noti ya chini iko sawa lakini ya juu imepaa, hiyo ni baridi, sikwensa haina kosa. Ukiona noti zote zimehama kwa kiasi kilekile, hiyo ni tuning ya kawaida. Zungusha TUNE, endelea na kazi.

Washa mashine nusu saa kabla ya kurekodi, ikiwa na kifuniko chake, mbali na dirisha. Usifanye tuning dakika ya tano. Na jiko la mkaa usiliingize studio kwa sababu ya osileta. Majivu yanaingia kwenye voliumu, na moshi wake usioonekana unaua watu kila msimu wa baridi.

Tukiwa kwenye voliumu: kuanzia mwezi wa nane vumbi letu jekundu linapenya kila mahali, na hatua moja inayotetemeka huku saba zikiwa tulivu ni voliumu yenye vumbi. Spirit safi ya kusafishia umeme, matone machache, izungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Mafuta ya kupikia, na watu huyatumia, yanamaliza kabisa.

Inakimbia ovyo, inaruka, au inaanza na hatua ya pili

Inakimbia mno: umeipa mapigo mengi kuliko inavyotaka. Kuna mashine zinazotoa mapigo 24 kwa kila pigo la robo, Korg Volca hutumia 2, na sikwensa za moduli kwa kawaida husogea hatua moja kwa kila pigo moja linaloingia. Kwa tempo ya 120, robo ni milisekunde 500. Mapigo 24 yanakuja kila milisekunde 21, na taa zinaonekana kama zimewaka zote. Gawanya kwa 6, upate hatua ya moja ya kumi na sita, milisekunde 125. Kinyume chake, ikienda taratibu mno, unailisha mapigo 2 wakati inategemea 4.

Inaruka hatua mbili mbili: pigo linaingia limechafuka na linahesabiwa mara mbili. Hutokea sana mapigo yanapotoka kwenye tundu la hedifoni la simu au laptop. Tundu hilo lina kapasita ndani, halishiki volti iliyotulia, na pigo linatoka dogo lenye mawimbi pembeni. Pandisha sauti ya simu hadi mwisho, zima ekwalaiza yake yote, na likigoma bado lipitishe kwenye moduli ya kulinganisha volti. Volti ya noti kutoka tundu la hedifoni sahau kabisa.

Inaanza na hatua ya pili: RESET na CLOCK vinafika pamoja. Sikwensa inarudi hatua ya kwanza, na papo hapo pigo linaisukuma kwenda ya pili. Chelewesha mapigo kwa milisekunde chache tu, au ruhusu reset ije mwishoni mwa mzunguko badala ya mwanzoni. Hakuna kilichoharibika.

Kebo ya MIDI ya 3.5 mm haipitishi kitu

MIDI hupeleka noti kama data badala ya volti. Kebo yake ina aina A na aina B, na tofauti ni kwamba ncha na pete zimebadilishana. SQ-1 ni A, sikwensa ya BeatStep Pro ya Arturia ni B. Adapta ya moja kwenye nyingine hukaa kimya bila kuunguza chochote. Nunua iliyo sahihi au geuza nyaya mbili.

Mngurumo, na mambo yanayochanganyikiwa ukiongeza moduli

Mngurumo mzito wa chini ni 50 Hz ya ukutani, au 100. Iendeshe sikwensa kwa betri uone. Ukinyamaza, adapta ndiyo mkosaji, au vifaa vimechomekwa sehemu mbili tofauti zenye ethi tofauti. Hamishia vyote kwenye ekstensheni moja. Umeme ukikatika na ukahamia inveta ndogo, mlio unakuwa mkali kama nzi. Zile za bei rahisi hazitoi wimbi laini, na hakuna kebo itakayokuokoa hapo.

Ukiongeza moduli na nyingine zikaanza kupoteza tuning, pima reli, yaani njia za umeme zinazolisha moduli: +12 na -12. Ikishuka chini ya 11.5, pawa saplai imezidiwa. Jumlisha miliampia za moduli zako zote, kwa kila reli peke yake. Na ule utepe wa umeme: mstari mwekundu ni upande wa -12. Angalia mara mbili kabla ya kuwasha, kwa sababu kosa hilo huondoka na moduli.

Sikwensa uliyojitengenezea kwa CD4017

Hii nimeiachia nafasi kwa sababu ndiyo inayojengwa sana huku: aisii ya CD4017, 555 ya mapigo, voliumu nane za 100k, dayodi nane za 1N4148. Vitu vyote vinapatikana kwa mafundi redio, na kisichopatikana kinakuja na basi kutoka Kariakoo.

Haisogei: mguu wa 13 lazima uende ethi. Ukiuacha unaelea, aisii inasogea ikijisikia. Inarudi mwanzo bila mpangilio, hasa ukisogeza mkono karibu: ni mguu wa 15 unaoelea. Ongeza na kapasita ya 100nF kati ya mguu wa 16 na wa 8, karibu na aisii yenyewe, siyo pembeni ya bodi. Ukibonyeza kitufe cha kusogeza hatua na inaruka tatu, kitufe kinadunda. Rezista ya 100k na kapasita ya 100nF kwenye mguu wa 14 zinakituliza.

Noti zinashuka kadiri siku zinavyokwenda: unatumia betri ya volti 9 moja kwa moja, na volti ya noti inachoka pamoja nayo. Weka 78L05, inayoshikilia volti 5 bila kuyumba.

Noti inashuka pale tu LED ya hatua inapowaka: 4017 kwenye volti 5 haina nguvu ya kuwasha LED na kulisha voliumu kwa pamoja. LED ipewe transista yake.

Sehemu ya mwanzo ya voliumu haifanyi kitu: dayodi inakula karibu nusu volti kabla ya kuruhusu chochote. Na inakula zaidi kwenye baridi, takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi 1. Asubuhi ikiwa baridi kwa nyuzi 15 kuliko mchana, umepoteza milivolti 30, theluthi ya nusu toni, kwenye kila noti. Ndiyo maana sikwensa hii na osileta isiyofidiwa, zikiwa pamoja Uyole mwezi wa saba, hazitunzi melodi. Zitumie kwa besi na ngoma.

Kijana mmoja wa Iyunga aliniletea yake akilalamika: "Kaka, mbona inapanda tu, haishuki?" Alikuwa ameweka bafa ya LM358 baada ya dayodi, vizuri kabisa, lakini hapakuwa na rezista ya kwenda ethi kabla ya bafa. Dayodi zinaruhusu volti iingie, hakuna pa kutokea, na noti ya juu kuliko zote inabaki imeganda. "Mdogo wangu, weka 1M hapo." Ilishuka. Wasioweka bafa kabisa hupata shida nyingine: voliumu ikiwa katikati ina ukinzani wa 25k, osileta ya 100k inaivuta chini kwa asilimia 20, na noti ulizoziseti kwa mita zinahama mara tu unapochomeka kebo. LM358 ipewe volti 9 au 12, maana haifiki juu kabisa ya umeme wake. Ikilishwa 5 inaishia kama 3.5.

Mwisho kuna lalamiko ambalo si ubovu wa umeme: "Haikai na ngoma." Ngoma zetu nyingi ziko kwenye 6/8, na sikwensa ya hatua nane inakutana na pigo la kwanza baada ya hatua 24 tu, katikati inasikika kama imepotea. Za dukani nyingi zina namna ya kuruka hatua, bakiza sita. Kwenye 4017, hatua nane ni waya kutoka mguu wa 9 kwenda wa 15. Utoe kwenye wa 9, ulehemu kwenye wa 5, au weka swichi kati ya hiyo miwili ili ubadilishe idadi ya hatua wimbo ukiendelea. Voliumu ya saba na ya nane ziache zilivyo.